Kugeuza shamba la kijijini kuwa kambi ya mahema ya kifahari: mwongozo kamili kwa Karatu na jirani zake

Mtu akishaamua kugeuza shamba kuwa kambi ya kitalii, swali lake la kwanza huwa bei ya hema. Lingefaa kuwa la mwisho. Hema zuri hushonwa Arusha au Nairobi kwa majuma machache, na likichakaa hung'olewa likawekwa jingine. Kisima chenye floraidi, shimo la maji taka lililochimbwa kwenye udongo usionyonya, barabara inayokatika kila Aprili: hayo hayang'oleki. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na ardhi, unashuka kwenye maji na maji taka, na hema linakuja likiwa limeshaandaliwa mahali pa kusimama.

Vipimo vyote vilivyomo ni vya kambi ya mahema 6, wageni 12, pembezoni mwa Karatu, kama kilomita 140 kutoka Arusha kwa lami. Tumechagua Karatu kwa sababu soko lake linaeleweka: wageni wanaokwenda kreta ya Ngorongoro hulala huko usiku mmoja au miwili. Aliye Lushoto, Mto wa Mbu au Monduli atabadilisha hesabu za mvua na baridi. Mpangilio wa kazi ni uleule.

Kagua ardhi Aprili, si Septemba

Shamba likionekana zuri Septemba halijakuambia kitu. Lirudie wakati wa masika, Machi hadi Mei, siku moja baada ya mvua kubwa, ukiwa na gari la kawaida lisilo na mtambo wa magurudumu manne. Ukikwama kilomita mbili kabla ya kufika, hilo ndilo gharama yako ya kwanza, na si ndogo.

Udongo mwekundu wa volkano unaobeba mashamba mengi ya Karatu husimamisha nguzo vizuri lakini huteleza kama sabuni ukilowa. Udongo mweusi wa mbuga ni mbaya zaidi: hupasuka kiangazi, huvimba masika, na husukuma msingi wowote ulio juu yake. Kama sehemu pekee yenye mandhari nzuri ina udongo mweusi, tafuta shamba lingine.

Eka 4 hadi 5 zinatosha kwa mahema 6. Mahema yakae mita 25 hadi 30 kutoka moja hadi jingine; chini ya hapo mgeni anasikia jirani yake akikoroma, naye ataandika hivyo mtandaoni. Mteremko wa asilimia 5 hadi 10 ndio bora, kwa kuwa maji ya mvua huondoka yenyewe na maji taka hutiririka bila pampu. Ukizidi asilimia 15, kila jukwaa litahitaji nguzo ndefu na ngazi, na wageni wazee watalalamika.

Elekeza uso wa hema mahali penye mandhari, lakini mgongo uupe upepo. Upande huu wa nchi upepo mwingi hutoka mashariki na kusini-mashariki. Funga vitambaa kwenye miti mahali hema litakapokaa, uviangalie asubuhi, alasiri na usiku kwa juma zima kabla ya kupiga kigingi. Usiweke hema chini ya mti mkubwa wa mikaratusi wala mgrevilea mzee. Matawi yao huanguka bila onyo hata siku isiyo na upepo.

Jambo la mwisho la kukagua ni majirani wenye miguu minne. Mashamba yanayopakana na msitu wa hifadhi ya Ngorongoro hutembelewa na tembo na nyati. Hilo linaweza kuwa kivutio, ila litakulazimu kuwa na walinzi wa kumsindikiza mgeni usiku, na kuacha kabisa kulima mahindi karibu na mahema.

Karatasi kabla ya koleo

Barua ya mtendaji wa kijiji si hati. Ardhi ya kijiji husimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Halmashauri ya kijiji hupokea maombi na kupendekeza, lakini uamuzi wa kugawa ardhi unapita kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na muhtasari wake lazima uwe na mahudhurio yaliyosainiwa. Omba nakala ya muhtasari huo. Mwananchi hupewa hati ya hakimiliki ya kimila. Raia wa kigeni hawezi kumiliki ardhi ya kijiji moja kwa moja, hutumia ardhi kupitia mamlaka ya serikali inayosimamia uwekezaji.

Ukinunua kwa familia, usiishie kwa baba mwenye nyumba. Sheria ya Ardhi inamtaka mnunuzi aulize kama mke au mume wa muuzaji ameridhia, na migogoro mingi inayofika baraza la ardhi huanzia kwa ndugu ambaye hakuitwa siku ya kupima mipaka. Waite wote, majirani wa pande zote nne wakiwemo, na mpime mkiwa pamoja.

Vibali vingine vifuatwe kwa mpangilio huu, kwa sababu kimoja hudai kingine:

1. Jina la biashara au kampuni kutoka BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kisha namba ya mlipakodi kutoka TRA.
2. Kibali cha kubadili matumizi ya ardhi na kibali cha ujenzi kutoka halmashauri ya wilaya.
3. Usajili wa mradi NEMC, baraza la taifa la mazingira. Anza kwa ofisa mazingira wa wilaya, atakueleza kama mradi wako unahitaji tathmini kamili au ndogo. Usichimbe msingi kabla ya cheti.
4. Bodi ya maji ya bonde. Sehemu kubwa ya Karatu iko Bonde la Kati. Kibali cha kuchimba kisima na kibali cha kutumia maji ni vitu viwili tofauti. Wengi hupata cha kwanza wakasahau cha pili.
5. Usajili wa mahali pa kazi OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, na ukaguzi wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.
6. Leseni ya utalii, TALA, kutoka wizara yenye dhamana ya utalii, chini ya Sheria ya Utalii ya 2008, pamoja na leseni ya biashara.

Wafanyakazi wanaogusa chakula hupimwa afya kila miezi 6, na vyeti vyao vikae jikoni, si kwenye droo ya mhasibu mjini. Na kama shamba linapakana na mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli ya kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Jukwaa la mbao lenye choo cha maji ni la kudumu hata kama juu yake kuna turubai.

Maji

Hesabu ya siku moja kambi ikijaa: wageni 12 kwa lita 150 kila mmoja ni lita 1,800, wafanyakazi na madereva 14 kwa lita 50 ni 700, jiko 300, kufua shuka na taulo 400. Jumla lita 3,200. Weka akiba ya siku tatu, yaani matanki mawili ya lita 5,000. Yawe mawili, si moja la 10,000, ili moja lioshwe wakati jingine linafanya kazi.

Kiasi cha siku nzima hakisumbui. Kinachosumbua ni lile lisaa limoja la jioni wageni wanapooga kwa pamoja. Magari hurudi kutoka kreta kati ya saa 11 na saa 12 jioni, wageni wote wana vumbi, na wote huoga kabla ya chakula. Bomba la mvua la kawaida hutoa lita 8 kwa dakika; sita zikifunguliwa pamoja ni lita 48 kwa dakika. Ukilaza bomba kuu la milimita 25 kwa sababu ni rahisi, mgeni wa hema la mwisho atapata matone. Laza bomba kuu la plastiki nyeusi ya HDPE la milimita 50, na matawi ya milimita 25 kwenda kila hema, chini ya ardhi sentimita 60 ili jembe na jua visilifikie. Weka koki ya kufungia kwenye kila tawi, la sivyo siku bomba la hema moja likipasuka utafunga kambi nzima.

Msukumo: kila mita 10 za kimo hutoa baa 1. Bafu huhitaji baa 1 hadi 1.5. Kama shamba lina mwinuko, weka matanki mita 12 hadi 15 juu ya hema lililo juu kuliko yote, na umalize habari ya pampu. Mnara wa mita 6 unatoa baa 0.6 tu, utahitaji pampu ndogo ya kuongeza msukumo.

Sasa floraidi. Ukanda wa volkano wa kaskazini, kuanzia Meru kwenda magharibi, una visima vingi vyenye floraidi kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita. Huioni, huisikii mdomoni, na kuchemsha hakuiondoi. Kinyume chake maji yanapopungua kwa mvuke floraidi hukolea. Kichujio cha kawaida cha mishumaa nacho hakifui dafu. Kinachoondoa ni chujio la makaa ya mifupa au mtambo wa utando, unaoyasukuma maji kupita kwenye utando laini. Peleka sampuli maabara ya maji kabla ya kumlipa mchimbaji malipo ya mwisho. Maji yenye floraidi yanafaa kuogea na kufulia, hivyo huhitaji kuyasafisha yote: tengeneza mstari mmoja wa maji ya kunywa na kupikia, lita 150 hadi 200 kwa siku, na ujazo huo mtambo mdogo unaumudu.

Maji ya mvua yanasaidia sana hapa kwa sababu hayana floraidi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la bati la jiko na ukumbi lenye mita za mraba 200, mvua ya milimita 800 kwa mwaka, ukikata asilimia 20 inayopotea, linakupa lita 128,000. Weka gata zenye mteremko, chujio la majani, na mfereji wa kumwaga mvua ya kwanza ya msimu, ambayo imebeba vumbi na kinyesi cha ndege.

Maji taka: kipimo cha ndoo moja kinachookoa mamilioni

Chimba shimo la upana wa sentimita 30 hadi kina ambacho mtaro wa kunyonya, unaopeleka maji ya tanki la maji taka ardhini, utakuwa, kama mita 1. Lijaze maji jioni uliache lilowe usiku kucha. Asubuhi lijaze tena sentimita 15, pima kwa rula na saa. Maji yakishuka sentimita 2.5 ndani ya dakika 5 hadi 60, udongo unafaa. Yakishuka upesi kuliko hapo, maji machafu yatafika chini kabla hayajasafika. Yakichukua zaidi ya saa nzima, udongo haunyonyi, na utahitaji kitanda cha changarawe chenye matete. Fanya mashimo matatu sehemu tofauti. Udongo wa shamba moja haufanani.

Tanki la vyumba viwili lenye ndani urefu wa mita 3.6, upana mita 1.5 na kina cha maji mita 1.5 linabeba mita za ujazo 8. Hilo huyatunza maji ya siku mbili na kubakiza nafasi ya tope. Chumba cha kwanza kiwe theluthi mbili ya urefu. Bomba la kuingilia na la kutokea yawe na umbo la T, ncha ya chini ikizama sentimita 30 hadi 40. Mafundi wengi huliruka hilo, tabaka la juu likapita moja kwa moja hadi kwenye mtaro na kuuziba ndani ya mwaka.

Urefu wa mtaro unategemea udongo. Udongo tifutifu hunyonya takriban lita 25 kwa mita ya mraba kwa siku, mfinyanzi lita 10. Kwa lita 3,200 kwenye tifutifu unahitaji mita za mraba 128 za kuta. Mtaro wenye kina faafu cha mita 1 una mita 2 za mraba kwa kila mita ya urefu, basi ni mita 64, ugawe katika mistari miwili au mitatu. Kwenye mfinyanzi ni mita 160. Hapo ndipo unagundua kwa nini kipimo cha ndoo kilitakiwa kufanyika kabla ya kununua shamba.

Umbali na kisima usipungue mita 30, na kisima kiwe upande wa juu. Bomba la maji taka liwe la inchi 4, mteremko wa 1 kwa 60, na chemba kila kona na kila mita 15 hadi 20. Maji ya jiko yapite kwanza kwenye chemba ya mafuta ya lita 250, isafishwe kila juma. Kama mahema yametawanyika sana, tanki dogo kwa kila mahema mawili ni rahisi kuliko bomba moja refu.

Jukwaa

Hema la mita 5 kwa 6, lenye veranda ya mita 2 mbele, hukaa vizuri juu ya jukwaa la mita 6 kwa 10. Kwa nguzo kila mita 2 unahitaji nguzo 24. Tumia mikaratusi iliyotibiwa kwa dawa kama zile za umeme, kipenyo milimita 150 hadi 200. Nyingi hutoka Iringa na Njombe. Ukikata nguzo, ncha iliyokatwa iwe juu, na upakwe dawa upya, kwa sababu dawa haijaingia hadi kwenye kiini. Kuziba nguzo na zege juu na chini huhifadhi unyevu na kuiozesha. Zege iishie chini ya uso wa ardhi au nguzo isimame juu ya zege kwa kiatu cha chuma.

Juu yake: boriti mbili-mbili za inchi 2 kwa 8 katika mistari 4, jumla mita 80, mbao za inchi 2 kwa 6 zikivuka kila sentimita 40, vipande 26 vya mita 6, jumla mita 156, kisha mbao za sakafu za inchi 1 kwa 4, kama mita 630 ukijumlisha asilimia 10 ya vipande vinavyopotea. Acha nafasi ya milimita 5 kati ya mbao za sakafu. Zikiwa mbichi zitasinyaa na nafasi itapanuka, kisigino cha mgeni kitakwama. Nunua mbao miezi mitatu kabla, zipange kivulini zikiwa na vijiti katikati.

Skrubu ziwe za mabati au chuma kisichoshika kutu, milimita 75. Misumari huchomoka kadiri mbao zinavyocheza. Kwa mchwa, acha nafasi ya sentimita 30 au zaidi chini ya boriti ili uweze kuona vichuguu vyao, na vika kila nguzo kofia ya bati iliyopinda kingo. Dawa ya kumwagia ardhini hudumu muda mfupi; macho yanadumu zaidi.

Hema na bafu

Sasa ndiyo hema. Mshonaji akuonyeshe turubai la mchanganyiko wa pamba na poliesta lenye gramu 450 hadi 500 kwa mita ya mraba, lililotiwa dawa ya maji, ukungu na jua. Juu yake liwe na turubai la pili lililoachana na paa kwa sentimita 20 hadi 30. Hilo la pili ndilo linaloliwa na jua na kupigwa na mvua. Kwa kawaida hubadilishwa mapema kuliko hema lenyewe, kwa hiyo lishonwe peke yake. Zipu ziwe namba 10, na madirisha yawe na neti yenye matundu madogo pamoja na kipande cha turubai cha kufunga. Hema jipya lilowanishwe na kukaushwa mara mbili kabla ya mgeni wa kwanza. Uzi huvimba na kuziba matundu ya sindano. Usilikunje likiwa na unyevu hata usiku mmoja, ukungu hauondoki kwa sabuni.

Bafu lijengwe ardhini nyuma ya jukwaa, kwa tofali hadi mita 1.2 au zaidi, sakafu ya zege yenye mteremko wa asilimia 2 kuelekea tundu. Turubai lisifike chini kwenye maji.

Maji ya moto: mtambo wa jua wa lita 200 kwa kila mahema mawili unatosha jioni ya kawaida. Lakini Juni na Julai nyanda hizi huamka na ukungu, na wageni wa kreta huondoka kabla ya saa 12 asubuhi. Bila boila ya kuni kama msaada, maji ya saa 11 alfajiri yatakuwa ya baridi. Hita ya gesi inafaa pia, ila ifungwe nje ya ukuta, kamwe isiwe ndani ya bafu: moshi wake usioonekana huua mtu aliyelala. Kwa sababu hiyohiyo, jiko la mkaa haliingii hemani hata kama mgeni anatetemeka. Mpe chupa ya mpira ya maji ya moto, blanketi la sufi na duveti nzito.

Vitanda viwe viwili vinavyoweza kuunganishwa. Kampuni za utalii huuliza hilo kabla ya kitu kingine, kwa kuwa leo wanaleta wanandoa na kesho marafiki. Shuka seti tatu kwa kila kitanda: moja kitandani, moja kwenye kufuliwa, moja stoo. Masika, ongeza ya nne, hazikauki.

Umeme

Taa na chaji za hema moja ni kama saa-wati 300 kwa siku. Mahema 6 ni 1.8 kilowati-saa. Jokofu mbili, pampu, taa za ukumbi, mashine ya kufulia na intaneti hupandisha jumla hadi takriban 10. Paneli 8 za wati 500, betri ya lithiamu ya kilowati-saa 10 na inveta ya kilowati 5 zinabeba mzigo huo, na jenereta ndogo ya siku za mawingu. Kama nguzo za TANESCO ziko mita mia chache, vuta, lakini bakiza sola. Kambi isiyo na taa usiku mmoja inapoteza wakala.

Kinachoangusha mifumo hii ni kikausha nywele. Kimoja hula wati 1,500 hadi 2,000, na viwili vikiwashwa pamoja na pampu, inveta inajizima. Weka kimoja mapokezi, uandike hivyo kwenye karatasi ya chumbani kwa adabu.

Moto na wanyama

Fyeka nyasi mita 10 kuzunguka kila hema kuanzia Juni, mtungi wa unga wa kilo 6 kila verandani, na mishumaa na dawa za mbu za kuchoma zisiruhusiwe ndani. Matunda yasilale hemani; nyani hufungua zipu, hivyo ziwe na klipu. Usiku mgeni hatembei bila mlinzi mwenye tochi, na kila hema liwe na filimbi.

Nani anamleta mgeni

Karatu mgeni wa nje ya nchi huja na kampuni ya utalii, na ndani ya gari kuna dereva anayemwongoza. Dereva huyo ndiye anayerudi ofisini Arusha kusema kama kambi inafaa. Mjengee vyumba safi, vitanda 6, maji ya moto, chakula kilekile chenye nyama ya kutosha, na mahali pa kuoshea gari. Kambi zinazomlaza dereva stoo hujiuliza baadaye kwa nini oda zimekauka. Eneo la kuegesha liwe na upana wa kutosha ili gari la safari ligeuke bila kurudi nyuma, na barabara ya kuingia iwe na moramu sentimita 15, mgongo katikati, mitaro pande zote na kalavati za milimita 600 palipo na mkondo.

Kifungua kinywa kianze saa 11 na nusu alfajiri na vyakula vya kubeba viwe tayari usiku uliotangulia. Wageni wa ndani, wanaokuja wikiendi kutoka Arusha na Moshi, wanataka kinyume chake: kuamka saa 3, nyama choma mchana, kulipa kwa simu. Usiwakatae, ndio wanaokubeba msimu wa mvua.

Hesabu ya bei huharibika hapa. Chukua mfano huu: bei ya ubaoni shilingi 400,000 kwa hema la watu wawili, chakula cha jioni na asubuhi. Wakala hupunguziwa asilimia 25, unabaki na 300,000. Ukisajiliwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ndani yake kuna kodi ya asilimia 18, yaani 45,763. Unabaki na 254,237. Toa 70,000 za chakula, kufua na sabuni: 184,237. Kama mishahara, umeme, ulinzi, leseni na matengenezo ni milioni 14 kwa mwezi, unahitaji usiku 76 wa hema ili usipate hasara, kati ya 180 zilizopo. Anayekokotoa kwa 400,000 na kutoa zile 70,000 peke yake ataona anahitaji 43 tu, akakope benki kwa matumaini hayo. Na kwa usiku 76 kwa mwezi mauzo ya mwaka yanapita milioni 270, juu ya kiwango cha milioni 200 cha kusajiliwa VAT, kwa hiyo kodi hiyo haikwepeki.

Anza na mahema 3, lakini maji, tanki la maji taka na bomba kuu viwe vya 6 tangu mwanzo. Kuongeza hema baadaye ni kazi ya majuma mawili. Kufukua mtaro katikati ya wageni ni fedheha.

Kalenda

Ardhi na vibali vikiwa tayari, chimba Juni na Julai udongo ukiwa mkavu, jenga majukwaa Agosti na Septemba, simamisha mahema Oktoba, na vuli ya Novemba iwe mtihani: lala kila hema, mvua ikinyesha, uone panapovuja. Wageni wa kulipa waje wiki ya Krismasi, bei ikiwa nusu kwa kampuni mbili au tatu tu.

Aprili na Mei ndiyo miezi ya karakana. Mahema yaoshwe kwa maji na brashi laini bila sabuni kali, zipu zipakwe nta ya mshumaa, kamba zilizolegea zikazwe, na mbao za sakafu zipakwe mafuta siku ya kwanza kavu. Isipokuwa kazi moja: tanki la maji taka hunyonywa kila baada ya miaka miwili au mitatu, na gari la kunyonya lenye tani kumi halipandi mlima huo kwenye tope. Lipigie simu Februari.